Aprikoti: tunda lililopewa jina la kuwahi

Hebu nikuulize: lile embe la kwanza la msimu, la bei juu, huwa tamu kweli? Mara nyingi hapana, na sisi tunalaumu msimu. Leo tulipeleke swali hilo kwa tunda ambalo hata jina lake ni habari ya kuwahi: aprikoti. Kama hujaliona, ni dogo, lina kokwa moja ngumu katikati na nyama yake mara nyingi ni ya rangi ya chungwa.

Turudi Roma, karne ya 1. Mwandishi Pliny Mzee anataja matunda yaliyoitwa kwa Kilatini praecocia, yaani yanayowahi kuiva. Anasema hayakuwa yamefikisha miaka 30 tangu yajulikane, na mwanzoni tunda moja liliuzwa dinari nzima. Hiyo ilikaribia ujira wa kibarua wa siku! Wataalamu wengi wanaamini yalikuwa aprikoti. Neno hilo likapita kwa Wagiriki, Waarabu wakasema al-barquq, Wahispania albaricoque, na mwisho likasambaa Ulaya nzima. Jina la kisayansi, Prunus armeniaca, alilitoa Linnaeus mwaka 1753 kwa kufuata imani ya kale kwamba tunda lilitoka Armenia. Vinasaba vinatupeleka mashariki zaidi, Asia ya Kati na China.

Unaona? Tangu mwanzo, kuwahi ni pesa. Na msimu wenyewe ni mfupi mno, hadi Wamisri wakisema "kesho, wakati wa aprikoti" wanamaanisha jambo halitatokea kamwe.

Sasa twende Murcia, Hispania. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa kituo cha CEBAS-CSIC walianza kuzalisha aina mpya, hasa kwa sababu ya sharka, ugonjwa wa virusi unaoharibu matunda. Walichanganya aina za kienyeji na zile za Marekani zenye ukinzani. Mfano ni Rojo Pasión, mtoto wa Orange Red na Currot, aina ya Valencia inayowahi kuiva. Lengo halikuwa kuwahi tu; ladha, rangi na virutubisho navyo vilipimwa.

Hapa ndipo sayansi inaponoga. Embe au ndizi iliyokomaa ukiivundika, inapata utamu, kwa sababu ina akiba ya wanga unaogeuka sukari. Aprikoti haina akiba hiyo. Ukilichuma bichi litalainika na kubadilika rangi, lakini sukari haitaongezeka kwa maana. Iliyoingia mtini ndiyo hiyohiyo.

Na virutubisho je? Beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ndiyo inayochangia sana rangi ya chungwa. Aina yenye nyama iliyokolea rangi huwa nayo nyingi kuliko yenye nyama nyeupe. Hilo linategemea zaidi vinasaba kuliko kalenda.

Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili: kuwahi kuiva na kuwahi kuchumwa. La kwanza ni kazi ya mti na mtafiti. La pili ni haraka ya soko, na mara nyingi ndilo linalokuachia uchachu mdomoni. Mkulima anayesubiri siku chache hukosa bei ya kwanza, ila anakuuzia tunda lenyewe. Je, wewe mnunuzi uko tayari kumlipa kwa kusubiri huko?