Nambari ya Mlipa Kodi na Asili Yake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii aghalabu huambiwa mfanyi biashara asiyeandika mauzo yake. Walakini yaifaa serikali pia, kwa maana nchi nayo ina mali yake, na haina budi kujua ni nani aliyelipa kodi, na amelipa kiasi gani. Katika Kenya ya leo daftari hilo huanzia kwenye nambari moja anayopewa kila mlipa kodi, ambayo wengi huiita PIN. Ili tufahamu kwa nini biashara haiendi mbali bila nambari hiyo, yafaa kwanza tutazame jinsi watu wa nchi hii walivyohesabiwa zamani.

Mwaka 1901 serikali ya Waingereza iliweka kodi ya nyumba. Kilichohesabiwa hakikuwa faida ya mtu, bali nyumba yake. Mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alitozwa mara tatu, hata kama mvua imekosa kunyesha na ghala ni tupu. Mwaka 1910 wanaume wasio na nyumba nao wakatiwa katika kodi ya kichwa. Asiye na fedha ilimpasa kwenda kuitafuta kwa kazi ya mshahara, na wengi waliipata katika mashamba ya walowezi.

Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alipewa karatasi yenye nambari, alama za vidole, na habari za kazi na mshahara wake, naye akaivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Nambari hiyo haikumpa haki yoyote. Shabaha yake ilikuwa kumfunga kwa bwana wake, ili akitoroka kazi ajulikane na kurudishwa. Harry Thuku alipinga kipande pamoja na nyongeza ya kodi. Mwezi wa Machi 1922 akakamatwa, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi, wengi wakafa.

Basi mtu aweza kuuliza: je, nambari ya leo si kipande kilichobadilishwa jina? Na tuitazame kazi yake kabla ya kujibu.

Mwaka 1990 Kenya iliacha kodi ya mauzo ya zamani, ikaanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT. Mwaka 1995 ikaundwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya kukusanya kodi za serikali kuu. Nambari ya mtu binafsi huanza kwa herufi A, na ya kampuni kwa herufi P; kisha hufuata tarakimu 9 na herufi moja ya mwisho. Mwenye duka lililo lake peke yake hutumia nambari yake mwenyewe. Kampuni hupewa ya kwake, kwa sababu mbele ya sheria kampuni ni mtu mbali na wenye hisa wake.

Bila nambari hii, biashara haiwezi kufungua akaunti ya benki, wala kupata leseni, wala kuingiza bidhaa kutoka nchi za nje, wala kuiuzia serikali kitu. Seremala aweza kuwa fundi hodari kuliko wote wilayani, lakini hatapewa kazi ya kuitengenezea shule ya serikali madawati ikiwa hana nambari.

Tena nambari humlinda na hasara. Tuseme seremala huyo ameandikishwa kwa VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Ananunua mbao za shilingi 10,000, na juu yake analipa kodi ya shilingi 1,600. Anatengeneza kabati, analiuza kwa shilingi 20,000, na mnunuzi anaongeza kodi ya shilingi 3,200. Ikiwa ankara ya mbao ni halali na ina nambari yake, atatoa zile 1,600 alizokwisha kulipa, apeleke serikalini 1,600 zilizobaki. Ikiwa ankara haimtambui, hataruhusiwa kutoa kitu. Zote 3,200 zitakwenda, na zile za kwanza zimempotea.

Hapa ndipo tunapoona tofauti. Kipande kilikuwa ushahidi mikononi mwa bwana juu ya mtumishi wake. Nambari ya mlipa kodi ni ushahidi wa pande mbili: serikali huitumia kumdai mfanyi biashara, na mfanyi biashara huitumia kuthibitisha alicholipa na kudai haki yake.

Lakini tofauti hiyo haitadumu kwa nguvu ya nambari peke yake. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba kodi haiwezi kutozwa ila kwa sheria, na kwamba fedha za umma zitumiwe kwa uangalifu na kwa uwazi. Mwezi wa Juni 2024 vijana wengi waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Baadhi yao walipoteza maisha, na Rais akakataa kuutia sahihi. Waliodai hesabu mwaka huo walikuwa wakidai jambo ambalo watu wa mwaka 1922 hawakupewa nafasi ya kulidai.

Kwa hiyo, kijana usomaye, siku utakapofungua biashara yako, jiandikishe, weka ankara zako, na ulipe lililo haki. Kisha uwaulize waliopokea fedha zako wakuonyeshe daftari lao, kama nawe ulivyowaonyesha lako.