Sneya Saba Chini ya Kitanda

Kuna jamaa namjua, mpiga dramu, anakaa bedsita Umoja. Ukifungua mlango unagonga kitanda, na chini ya hicho kitanda kuna ngoma saba. Si seti saba za dramu. Ni ngoma ya aina moja tu, mara saba: sneya. Kama hujawahi kuangalia vizuri, sneya ni ile fupi ya bapa inayokaa kati ya magoti ya mpigaji, ile inayolia "ka!" baada ya ile kubwa ya mguu kulia "du!". Wimbo ukikukamata ukaanza kupiga makofi, mara nyingi makofi yako yanaangukia pale sneya inapolia.

Mwaka jana alikuwa na nne. Dada yake mkubwa alishamuuliza mbele yangu kama ngoma zinaliwa. Na mimi, nikubali tu, nilikuwa upande wa dada. Nikamwambia, "Buda, una vijiko viwili na sneya saba." Akacheka. Akatoa mbili, akapiga ya mbao, akapiga ya chuma. Ya mbao ililia kama mlango mzito unafungwa. Ya chuma ililia kama sufuria imeanguka usiku na kila mtu ameamka. Halafu akasema kitu kilichonifanya niandike hii post: "Kanisani dramu ni za kanisa. Hotelini ni za hoteli. Studio ni za studio. Sneya ndiyo yangu."

Ni kweli kabisa. Ukiona mpiga dramu kwa matatu akienda shoo, hajabeba seti nzima. Amebeba mfuko wa matoazi, pedali, na sneya mgongoni. Zingine atazikuta huko. Sasa swali langu likawa: kwa nini hii moja? Nikaenda kusoma, na nikagundua kwamba kwa karne nyingi hii ndiyo ngoma ambayo mpigaji hakuwahi kuimiliki.

Sneya ilitoka jeshini. Kabla ya hapo, Ulaya ya zamani ilikuwa na ngoma ndogo yenye uzi wa utumbo wa mnyama uliovutwa juu ya ngozi. Uzi ukitetemeka, ngoma inakwaruza badala ya kulia "dum". Siri ya sneya mpaka leo ni hiyo hiyo: unapiga ngozi ya juu, hewa ndani inasukuma ngozi ya chini ambayo ni nyembamba sana, na waya zilizolala hapo chini zinaruka na kugonga. Huo mkwaruzo unapasua kelele. Wanajeshi wa Uswisi wa karne ya 15 na ya 16, wale wa mikuki mirefu, waliutumia kutembeza watu wengi kwa hatua moja, na majeshi mengine yakaiga. Hakukuwa na redio. Ngoma ndiyo ilikuwa simu. Kulikuwa na mpigo wa kuamka, mpigo wa kusonga mbele, mpigo wa kurudi nyuma. Ukisikia vibaya, umekufa.

Na mpigaji alikuwa nani? Mara nyingi kijana mdogo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, walikuwemo watoto kabisa. Katika jeshi la Uingereza, wapiga ngoma pia ndio waliopewa kazi ya kuwachapa viboko wanajeshi wenzao waliohukumiwa. Yaani wewe ni mdomo wa mkubwa na pia mkono wake. Ngoma yenyewe imechorwa nembo ya kikosi. Ukiondoka, inabaki, anavalishwa mwingine.

Kuna alama ya hayo maisha ambayo bado unaweza kuiona. Angalia mpiga jazi anavyoshika kijiti cha mkono wa kushoto, kama anashika kalamu kiajabu, kiganja kikiangalia juu. Watu hudhani ni maringo. Ni kwa sababu ngoma ya jeshi ilining'inia kiunoni ikiwa imeinama upande, na mkono wa kushoto haungeifikia vizuri kwa njia nyingine. Ngoma ilishawekwa kwa stendi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mkono haujasahau.

Huku kwetu hiyo ngoma ya kijeshi ilifika na meli na vikosi, na hapa ndipo mimi napenda hii hadithi zaidi. Miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa waliangalia bendi za kijeshi za wakoloni, wakachukua gwaride, sare, vyeo, tarumbeta na ngoma, wakageuza vyote kuwa mchezo wa mashindano wa mtaa kwa mtaa. Wakauita beni. Mombasa kulikuwa na makundi kama Kingi na Scotchi, wakishindana nani amevaa vizuri zaidi, nani ana bendi kali zaidi, nani ana maneno makali zaidi. Walitumia pesa hadi wazee wakalalamika. (Wazee wamelalamika tangu kitambo, msidhani ni nyinyi pekee.) Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, askari na wabeba mizigo, wale wa Carrier Corps walioipa Kariokor jina lake, wakasaidia kuieneza beni hadi ndani kabisa ya Tanganyika na kwingineko. Serikali za kikoloni zilianza kuogopa: hawa watu wana majenerali wao wenyewe?

Cheki kilichotokea hapo. Ngoma ya kutoa amri ikawa ngoma ya kujionyesha. Ilitolewa mikononi mwa kikosi ikawekwa mikononi mwa mtaa. Harusi za Mombasa zenye tarumbeta na ngoma, watu wakitembea nyuma ya bendi barabarani, mimi nikiziona naona hiyo beni, hata kama hakuna mtu pale anayeiita hivyo.

Marekani walifanya jambo linalofanana, lakini kwa uchungu zaidi. Mwaka wa 1739 watumwa wa South Carolina waliasi kule Stono, wakatembea wakipiga ngoma kuita wengine. Mwaka uliofuata, 1740, sheria ikawakataza watumwa ngoma na pembe. Walijua ngoma inaongea. Miaka mingi baadaye, weusi wa New Orleans wakatengeneza muziki wa barabarani kwa vyombo vya bendi za kijeshi: mtu mmoja na ngoma kubwa, mwingine na sneya. Bendi ilipoingia ndani ya ukumbi, nafasi ikawa ndogo na pesa ikawa kidogo, kwa hivyo watu wawili wakawa mmoja. Pedali ya mguu ndiyo ilimaliza hiyo kazi. Mwaka wa 1909, kule Chicago, William F. Ludwig na ndugu yake walianzisha kampuni wakiuza pedali ya haraka. Sasa mtu mmoja akakaa chini, mguu kwenye ngoma kubwa, sneya mbele yake. Hiyo ndiyo seti ya dramu unayoijua leo.

Kampuni hiyo hiyo ndiyo inamrudisha huyu jamaa wangu kwenye hadithi. Miaka ya 1960 Ludwig walitoa sneya ya alumini iliyopakwa kromu, inaitwa Supraphonic. Tarehe 9 Februari 1964, Ringo Starr wa Beatles akapiga dramu za Ludwig (sneya yake ilikuwa ya mbao) kwenye televisheni ya Marekani, watu kama milioni 73 wakiangalia, na kila kijana akataka dramu zenye jina hilo. Supraphonic ikaingia studio nyingi mno, na ndiyo ilikuwa silaha ya John Bonham wa Led Zeppelin. Ina kasoro moja: kromu haishiki vizuri kwa alumini. Baada ya miaka inavimba na kubanduka kama rangi ya ukuta wa chumba chenye unyevu.

Jamaa anayo moja. Aliinunua kwa familia ya mzee aliyekuwa akipiga mahoteli zamani, na kromu imebanduka nusu nzima. Ni mbaya kuiangalia. Akiipiga, unanyamaza.

Kabla hujasema ngoma ni ngoma tu, fikiria album ya Metallica ya 2003, St. Anger. Lars Ulrich alizima zile waya za chini, sneya ikalia kama debe. Miaka zaidi ya 20 imepita na watu bado wanalalamika mtandaoni. Wimbo una gitaa, una sauti, una kila kitu, na watu wamekwama kwa ngoma moja. Masikio yanajua.

Tatizo ni kwamba masikio yanajua sauti, hayajui mtu. Na hapa ndipo nilianza kumwelewa.

Novemba 1969, kule Cincinnati, Clyde Stubblefield alikuwa studio na James Brown. Kwenye wimbo wa Funky Drummer kuna sehemu fupi ambapo wengine wote wananyamaza na yeye anabaki peke yake. Si nguvu. Kati ya mipigo mikubwa ya sneya ameweka mingine midogo midogo, kama mtu ananong'ona katikati ya sentensi. Miaka ya 1980 maprodusa wa hip hop wakakikata hicho kipande wakakirudia rudia. Kimetumika kwa nyimbo zaidi ya 1,000, Fight the Power ya Public Enemy ikiwemo. Mtunzi aliyeandikwa kwenye wimbo ni James Brown. Stubblefield alikuwa mfanyakazi aliyelipwa siku ile akaenda nyumbani. Alipopata saratani, Prince ndiye alimlipia bili za hospitali, karibu dola 90,000, kimya kimya. Stubblefield alifariki 2017.

Gregory Coleman wa bendi ya The Winstons hata hakupata hiyo bahati. Mwaka huo huo wa 1969 alipiga sekunde chache peke yake kwenye Amen, Brother, wimbo wa upande wa pili wa sahani. Hizo sekunde zilijenga jungle na drum and bass, mitindo mizima ya muziki wa Uingereza. Coleman alifariki 2006 bila pesa na bila makao, kwa maelezo ya kiongozi wa bendi yake. Mashabiki walichanga pesa 2015, wakampa huyo kiongozi, Richard Spencer, pauni 24,000. Coleman alikuwa ameshazikwa miaka tisa.

Halafu mashine. Roland TR-808 ilitoka 1980, zikatengenezwa kama 12,000 tu kabla isimamishwe 1983. Sneya yake haina ngozi, haina waya, haina mtu. Ni umeme: toni fupi na "shhh" juu yake. Sitaitukana, naipenda. Nyimbo nyingi ninazocheza kwa simu zina mtoto au mjukuu wa hiyo sauti. Lakini angalia mstari mzima. Kwanza ngoma ilikuwa ya jeshi na mtu hakuwa na chake. Halafu ikawa yake. Halafu sauti ikatolewa ndani ya ngoma ikaenda bila yeye.

Sisi tunapenda kusema hayo ni ya Marekani. Arbantone imejengwa juu ya vipande vya nyimbo za zamani, na mimi ni shabiki, nacheza hadi shati inalowa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inatambua haki za anayetumbuiza, si za mtunzi peke yake. Sawa. Sasa niambie jina la mpiga dramu wa wimbo wowote wa Kenya unaoupenda, wa zamani au wa sasa. Nitangoja. Mimi nilijaribu na nikakwama kwa wa kwanza. Kama jina halikuandikwa siku ya kurekodi, hiyo haki utaidai na nini?

Mwezi jana produsa mmoja alimpigia jamaa. Amesikia kuhusu zile sneya saba. Anataka arekodi kila moja, mpigo mmoja mmoja, laini na wa nguvu, katikati na pembeni, atengeneze mkusanyiko wa sauti awauzie maprodusa wengine. Malipo mara moja. Jina halitaandikwa. Jamaa akaniuliza nafikiri nini, nikamwambia aombe jina na asilimia. Akaomba. Akaambiwa mambo hayaendi hivyo.

Na rent ilikuwa tarehe tano. Mimi siwezi kumlaumu, sikuwa na ya kumkopesha.

Jumamosi nilimsaidia kubeba. Tulipanda matatu na mifuko mitatu, kondakta akatutoza nafasi ya ziada, tukazozana hadi Donholm. Studio walirekodi saa nne hivi. Wakati wa kufunga, produsa akahesabu, akasema si ulisema ziko saba?

Jamaa akasema moja imeharibika, kromu yote imebanduka.