Kuelekezwa Ukurasa Mwingine Baada ya Kuingia Kwenye Mfumo

Kuelekezwa baada ya kuingia ni utaratibu ambao mfumo, ukishathibitisha jina la mtumiaji na nywila, humpeleka kwenye ukurasa unaolingana na mamlaka yake. Kwa mfano, mfanyabiashara wa mchele wilayani Kyela anayeomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI hapaswi kufikishwa kwenye ukurasa wa afisa anayeidhinisha maombi.

Walaghai hutumia vibaya utaratibu huo. Huficha anwani yao ndani ya kiungo ili mtumiaji, akishaingia kwenye mfumo halali, apelekwe kwenye tovuti bandia na kuombwa nywila upya au malipo. Kabla ya kujaza chochote, mwananchi ahakikishe jina la tovuti linaishia na .go.tz, kikoa cha taasisi za Serikali. Wasanifu nao waruhusu anwani zilizoidhinishwa pekee.