Picha za Nyuklia Zinavyobaini Damu Iliyoganda Moyoni kwa Wagonjwa wa Kiharusi

Takribani mgonjwa mmoja kati ya wanne wanaopata kiharusi kwa kuziba kwa mshipa wa damu wa ubongo huondoka hospitalini bila chanzo chake kujulikana. Kwa baadhi yao, madaktari hushuku kuwa bonge la damu liliganda ndani ya moyo, likachomoka na kusafiri hadi kichwani.

Shaka hiyo ndiyo inayoamua matibabu. Bonge likionekana, mgonjwa huanzishiwa dawa kali za kuzuia damu kuganda. Lisipoonekana, kwa kawaida hupewa aspirini. Kubahatisha si salama. Utafiti wa kimataifa uliotangazwa mwaka 2018 ulionesha kuwa dawa ya rivaroksabani haikuzuia kiharusi cha pili kuliko aspirini kwa wagonjwa wa aina hiyo, bali iliongeza hatari ya kuvuja damu.

Kipimo kinachotegemewa hadi sasa ni altrasaundi ya moyo inayofanywa kwa kupitisha kifaa chembamba kooni hadi kwenye umio. Kifaa hicho huonesha vizuri kijifuko cha chumba cha juu cha kushoto cha moyo, mahali ambapo mabonge mengi hujificha kwa wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Hata hivyo, mgonjwa ambaye hata kumeza mate kunamshinda hukistahimili kwa taabu.

Picha za nyuklia hufuata njia nyingine: mgonjwa hudungwa kiasi kidogo cha dawa yenye mionzi inayonata kwenye bonge lenyewe, na mashine huisoma mionzi hiyo kutoka nje ya mwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti nchini Marekani walitumia chembe sahani za damu ya mgonjwa mwenyewe zilizotiwa indiamu-111. Picha zilisubiriwa kwa siku kadhaa, na bonge la zamani, lisilovuta tena chembe sahani, lingeweza kukosekana.

Dawa mpya hulenga fibrini, yaani nyuzi za protini zinazolishikilia bonge. Mojawapo, FBP8 yenye shaba-64, imetengenezwa na watafiti wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, na kujaribiwa kwa binadamu kwa kipimo cha PET. Mionzi ya shaba-64 hupungua kwa nusu katika takribani saa 13, muda unaotosha dawa iliyobaki kuondoka kwenye damu ili bonge lionekane wazi. Dawa hiyo bado iko katika hatua ya utafiti.