Ukuta Uliobomolewa, Jina Lililobaki

Nchi ya Nyanda za Juu za Kusini ina mawe tele, na watu wake walijua kuyapanga tangu zamani. Lakini si kila jina la huko limetokana na kazi ya mikono. Mji wa Mbeya una jina moja na mlima ulio juu yake, na mlima haukujengwa na mtu. Iringa sivyo. Asili ya jina hili ni neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Atajaye Iringa, ajue asijue, ataja ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwa Kalenga, kandokando ya Mto Ruaha Mdogo. Mtwa Mkwawa aliamuru makao yake yazungushiwe mawe, akakusanya watu wengi wakafanya kazi kwa miaka kadhaa. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu; vivyo hivyo jiwe moja halizuii adui. Thamani ya kazi ile ilikuwa katika kupanga: kubwa kuchukua dogo, na yote kusimama kwa kuegemeana, kama taifa lenyewe la Wahehe lilivyounganishwa kutokana na watemi wengi.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walilishinda jeshi la Wadachi, na kiongozi wake, Emil von Zelewski, akauawa. Bunduki nyingi zikaangukia mikononi mwa washindi. Hata hivyo, mwishoni mwa Oktoba 1894, Friedrich von Schele aliishambulia Kalenga kwa mizinga. Ngome ikatekwa na kuharibiwa, Mkwawa akaponyoka. Aliendelea kupigana hata tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kwa risasi asitiwe mikononi mwa adui zake.

Wadachi nao walisimamisha mnara wa kumbukumbu ya Zelewski kule Lugalo. Basi mtu aweza kudhani kwamba mshindi ndiye aliyebaki katika mawe, na mshindwa amefutika. Lakini mwaka 1896 Tom Prince alipoanzisha kituo cha kijeshi kilichokuja kuwa mji, kituo hicho kiliitwa Iringa. Waliouvunja ukuta walilazimika kulitumia jina lake. Mnara wa Lugalo wasimama mahali pamoja tu. Jina la ngome lilienea katika mji, kisha katika mkoa mzima.

Fuvu la Mkwawa, lililopelekwa Ujerumani, lilirudishwa mwaka 1954, likawekwa Kalenga, pale pale ukuta uliposimama. Hapo ndipo lilipo fundisho kwa mwanafunzi wa historia: asiyapime mambo ya kale kwa wingi wa mawe yaliyosalia tu. Ukuta hubomolewa kwa mizinga. Neno lililotiwa vinywani mwa watu halina mzinga wa kulibomoa.