Kijiti cha muhogo kimetembea mbali kabla ya kufika Kalemie

Mtu akipata meta chache za udongo Kalemie, ndani ya parsele au pembeni ya kibanda cha wakimbizi wa ndani, hupanda kwanza vitu vile vile: muhogo, matembele, lengalenga. Watu huviita vyakula vya wazee. Ni kweli, ila muhogo na kiazi kitamu vyote viwili vilitoka Amerika.

Wareno waliufikisha muhogo kwenye mlango wa mto Kongo katika karne ya 16. Toka pale, Waafrika wenyewe ndio walioupandisha bara, kijiji kwa kijiji. Mwaka 1798 msafara wa Wareno ulipofika kwa Mwata Kazembe, bondeni mwa Luapula, ulikuta watu wanaishi kwa muhogo. Hakuna mzungu aliyewafundisha. Upande wa mashariki kulikuwa na njia nyingine, ya misafara ya Waswahili iliyotoka pwani hadi Ujiji, ikavuka ziwa na kuteremkia Mtowa, kaskazini mwa Kalemie ya leo. Hao ndio walioeneza mpunga Maniema.

Kisha wakaja Wabelgiji. Kituo cha Albertville kilianzishwa mwaka 1891, na reli ya kutoka Kabalo ikafika ziwani mwaka 1915. Wafanyakazi na askari walitaka kula. Mwaka 1917 serikali ya koloni ilileta sheria ya kilimo cha lazima: pamba ya kuuza, na vyakula ambavyo mwanakijiji alipangiwa. Aliyekataa alitozwa faini au alifungwa. Lakini sheria siyo iliyoufanya muhogo upendwe. Ulipendwa kwa sababu hauhitaji mbegu ya kununua, nzige hawafiki mizizini, na unangoja ardhini mpaka mwenyewe arudi.

Kwa familia zilizokimbia vita vya Watwa na Waluba mwaka 2016 na 2017, hilo la mwisho lina uzito. Muhogo mchungu hukaa ardhini muda mrefu, na mwizi hauli mbichi. Ubaya wake ni sumu. Lazima uloweke siku tatu au nne, kisha uanike vizuri. Njaa inapobana, watu hupunguza siku za kuloweka, na hapo ndipo unapoingia ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na haiponi tena. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa Kongo. Penye watoto wengi na maji haba, muhogo mtamu una nafuu kubwa, hata kama wezi wataupenda.

Hatari nyingine husafiri ndani ya kijiti chenyewe. Mozaiki, ile inayokunja majani na kuyatia mabaka ya njano, iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894 huko Usambara, Tanzania. Watafiti wa Amani, milimani huko huko, walianza kuzalisha mihogo yenye kuustahimili katika miaka ya 1930. Siku hizi aina moja kutoka Afrika Magharibi, TME 419, Wakongomani wameibatiza Obama. Jina hilo halizuii kila ugonjwa. Michirizi ya kahawia huonekana kwa shida kwenye majani huku mizizi ikioza ndani, kwa hiyo kabla ya kuomba vijiti kwa jirani, omba kwanza akupasulie mzizi mmoja.

Asiyejua kama mwaka kesho atakuwa bado hapa aanze na lengalenga, inayochumwa baada ya mwezi hivi, na matembele, ambayo majani yake huliwa wakati viazi vinakua chini kwa miezi minne au mitano. Muhogo upandwe pia, pembeni. Vijiti vikatwe katikati ya shina lililokomaa, si kwenye ncha laini. Vinavyobaki husimamishwa kivulini, na hukaa wiki kadhaa bila kufa.