Ukoo wa Zschopau: Historia ya Injini Ndogo ya Mapigo Mawili Katika Mashindano na Funzo Lake kwa Pemba

1.0 Utangulizi

Kisiwani Pemba, mlio wa injini ya mapigo mawili unafahamika nchi kavu na baharini. Barabarani hutoka kwenye skuta ya Vespa. Pwani hutoka kwenye mashine ya Yamaha iliyofungwa tezini mwa boti la mvuvi. Ni nadra kwa msikiaji kukumbuka kwamba injini za jamii hiyo hiyo ndizo zilizotawala madaraja madogo ya mbio za pikipiki duniani kwa miongo kadhaa.

Insha hii inachunguza sababu zilizowafanya washindani wa zamani kuchagua injini ndogo ya mapigo mawili, na inauliza uchaguzi huo una maana gani kwa kisiwa kama Pemba, ambacho hakina kiwanja cha lami kilichojengwa kwa ajili ya mbio za pikipiki. Hoja kuu ni kwamba injini hii haikuchaguliwa kwa sababu ilikuwa bora kwa kila kipimo. Ilichaguliwa kwa sababu fundi mwenye karakana ndogo aliweza kuifungua, kuielewa na kuibadilisha. Kwa hiyo historia yake ni historia ya ujuzi wa watu kabla ya kuwa historia ya chuma.

2.0 Asili na Uenezi

Chimbuko la ukoo huu ni mji mdogo wa Zschopau, katika jimbo la Saxony, Ujerumani. Hapo Mdenmaki Jørgen Skafte Rasmussen aliijenga kampuni ya DKW, ambayo kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa pikipiki duniani. Siri ya mafanikio yake ilikuwa uchache wa vipande. Injini ya mapigo mawili haihitaji valvu za juu wala mtambo wa kuziendesha; hewa na petroli huingia na moshi hutoka kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa silinda, ambayo pistoni yenyewe huyafungua na kuyafunga. Isitoshe, mlipuko hutokea kila mzunguko mmoja wa krenki, ilhali injini ya mapigo manne huhitaji mizunguko miwili.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, muundo wa pikipiki ya DKW RT 125 ulinakiliwa Uingereza na BSA, Marekani na Harley-Davidson, na pia katika Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 1955 Yamaha ya Japani ilitoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, kwa kufuata muundo huo huo, na mwaka huo huo ikashinda mbio za kupanda Mlima Fuji. Mwaka 1960 kampuni hiyo ikaanza kuuza mashine za boti. Hivyo, mvuvi wa Wete au Mkoani avutapo kamba kuwasha mashine ya Yamaha ya mapigo mawili, anagusa tawi la mbali la ukoo wa Zschopau.

3.0 Majaribio ya Afrika Mashariki, 1956–1964

Ushahidi ulio karibu zaidi nasi unatokana na mashindano ya magari. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, awali yaligawanya magari kwa bei ya dukani badala ya ukubwa wa injini. Mwaka 1956 Eric Cecil na Tony Vickers waliibuka washindi wakiendesha gari la DKW lenye silinda tatu za mapigo mawili na ujazo usiofikia cc 900. Miaka michache baadaye Saab 96, nayo ya silinda tatu za mapigo mawili, ilimpatia Pat Moss nafasi ya tatu mwaka 1962 na Erik Carlsson nafasi ya pili mwaka 1964.

Magari hayo yanafichua pia udhaifu wa injini hii. Oili yake husafiri pamoja na petroli. Dereva anapoteremka mlima huku ameachia mafuta, injini inazunguka kwa kasi lakini inapata oili kidogo, na pistoni inaweza kukwama ndani ya silinda. Saab ililitatua tatizo hilo kwa kifaa kilichoruhusu magurudumu kuzunguka bila kuikokota injini. Mshindani wa pikipiki hana kifaa hicho. Kinga yake ni vidole vyake juu ya klachi. Kwa Pemba, kisiwa cha vilima na mabonde, jambo hili linamhusu hata mwendeshaji wa kawaida.

4.0 Kaaden, Degner na Uhamisho wa Ujuzi

Kiwanda cha Zschopau kilibaki upande wa Ujerumani Mashariki, kikaja kuitwa MZ. Wasomi wa historia ya Zanzibar wanaifahamu dola hiyo kwa uhusiano wake na Serikali ya Mapinduzi kuanzia mwaka 1964 na kwa maghorofa ya Kikwajuni. Wasichokizingatia sana ni kwamba dola hiyo hiyo, kwa uhaba wake wa fedha na malighafi, ndiyo iliyozaa mapinduzi ya injini ya mbio.

Mhandisi Walter Kaaden alitambua kwamba moshi hautoki tu, bali hupiga mawimbi. Akaunda bomba la moshi lililotanuka kisha likasinyaa. Sehemu inayotanuka hurudisha mvuto unaosaidia kuvuta hewa na petroli mpya ndani ya silinda. Sehemu inayosinyaa hurudisha msukumo unaozuia mchanganyiko huo kupotelea nje. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilifikia nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita, bila kusukumiwa hewa na mtambo mwingine.

Mwaka huo huo mwendeshaji wa MZ, Ernst Degner, aliongoza mashindano ya dunia ya daraja la cc 125. Mwezi Septemba, akiwa katika mbio za Kristianstad nchini Uswidi, aliitoroka timu yake, akajiunga na Suzuki. Mwaka 1962 alitwaa ubingwa wa dunia wa cc 50 akiwa na Suzuki. Tukio hili ni nguzo ya hoja yetu: Suzuki ilikwisha kuwa na kiwanda, fedha na mitambo, lakini ilimhitaji mtu aliyejua.

5.0 Nafasi ya Kanuni

Haitoshi kuusifu ujuzi peke yake. Honda ilithibitisha kwamba injini ya mapigo manne inaweza kushinda, mradi igawanywe katika silinda ndogo nyingi. Mwaka 1966 ilitwaa ubingwa wa cc 125 kwa injini ya silinda tano. Gharama za njia hiyo zilikuwa kubwa mno. Kanuni zilipobadilishwa, cc 50 zikawekewa ukomo wa silinda moja kuanzia mwaka 1969 na cc 125 silinda mbili kuanzia 1970, na mapigo mawili yakabaki na uwanja. Kanuni hizo hizo zilikuja kuyaondoa: mwaka 2011 ulikuwa wa mwisho kwa daraja la cc 125, na mwaka 2012 injini za mapigo manne zikachukua nafasi yake. Kwa hiyo atakayechagua pikipiki ya mbio lazima kwanza asome kanuni za daraja analotaka kuingia.

6.0 Hitimisho

Historia hii inatoa mizani mitatu ya uchaguzi: kanuni za mashindano, tabia ya injini, na fundi aliye nyuma yake. Kwa kijana wa Pemba mzani wa tatu ndio mzito zaidi. Pikipiki ya silinda moja, cc 125, ambayo fundi wa Chake Chake anaweza kuifungua na kuirudisha, ina thamani kuliko mashine ya kasi zaidi inayosubiri kipuri kutoka ng'ambo. Wapemba wanaifahamu kanuni hii katika resi za ngalawa: wepesi wa chombo haumfai asiyejua kulitengeneza tanga lake.

Hata hivyo, fundi huyo anazidi kuwa adimu. Pikipiki za mapigo manne kutoka China na India zimeenea Afrika Mashariki yote, na vijana wanajifunza ufundi wake. Ujuzi wa kupima oili ndani ya petroli, kusoma rangi ya plagi na kutambua kwa sikio pistoni inayokaribia kukwama umo vichwani mwa mafundi wazee wa vespa na wa mashine za boti. Kisa cha Degner kinaonyesha kwamba ujuzi wa namna hiyo huondoka na mwenyewe. Alipoondoka yeye, palikuwa na Suzuki ya kuupokea. Wazee wa Pemba wakiondoka, hapatakuwa na wa kuupokea iwapo watafiti hawatakuwa wamekaa nao karakanani, kwa daftari na kinasa sauti, wangali hai.